Karata Nne za Kopa Si Leseni ya Kutisha Watu

Kuna mwalimu mmoja wa poka ambaye video zake zinanifuata kila ninapofungua simu. Juzi kaja na somo jipya: ukishika kopa mbili, na mezani zikafunguka kopa mbili nyingine, piga dau. Usiulize, piga tu, kwa sababu una njia mbili za kushinda: mwenzako atupe karata (ajitoe), au kopa ya tano itokee. Maelfu wamempigia makofi. Mimi nimekasirika mpaka nimekuja kuandika.

Hesabu yake ya kuanzia haina ubaya. Kopa ni 13, nne unaziona, tisa zimebaki. Kwenye flopu, yaani karata tatu za kwanza zikiwa zimefunguka mezani na mbili bado, flashi (karata tano za aina moja) inakamilika mara 35 hivi katika 100. Ikibaki karata moja, nafasi inashuka hadi chini kidogo ya 20. Halafu akatoa mfano wa hatua hiyo ya mwisho: poti (fedha zote zilizokwisha wekwa) ina 100, weka 50. Kwa blafu (dau la kutisha) ya mkono mtupu, mpinzani lazima atupe mara moja katika tatu ndipo usile hasara. Ukiwa na kopa nne, inatosha akitupa mara 10 hivi katika 100, maana hata akilipa (akiweka 50 zake aendelee) bado una bahati yako.

Kumi tu! Nani asiyeweza kutupa mara kumi katika mia?

Subiri kwanza. Hiyo 10 imelinganishwa na nini? Imelinganishwa na wewe kutupa karata zako. Nani kakwambia utupe? Kama wewe ndiye wa mwisho kuamua na mwenzako amepita (hajaweka dau), nawe unapita, na karata ya mwisho unaiona bure. Nafasi yako ya karibu moja katika tano, kwenye poti ya 100, ina thamani ya 20 hivi bila kutoa hata senti. Kwa hiyo dau lako la 50 linashindana na 20, halishindani na sifuri. Piga hesabu upya, ukiacha fedha zitakazofuata baadaye: sasa mpinzani lazima atupe mara 27 au 28 katika 100. Ukiwa na kifua ukaweka 100 nzima, anatakiwa kutupa mara 43. Mwalimu wetu aliirukia hatua hii kwa tabasamu. (Ukiwa wa kwanza kuamua mambo hubadilika, nakubali, kwa sababu kupita hakukuhakikishii karata ya bure. Hilo nalo hakulisema.)

Kwa hiyo kila kitu kinamwangukia mtu aliyeketi mbele yako. Atatupa au hatupi? Nimemwona kijana mwenye akili ya hesabu kunizidi mimi akimsukumia fedha zote mzee ambaye tangu tukae hakuwa ametupa jozi hata ndogo kiasi gani. Mzee akalipa papo hapo, akafunua jozi ya sita. Kopa haikuja. Kijana akatugeukia akasema kwamba kihesabu alikuwa sahihi. Hesabu ya nani? Nafasi ya mzee yule kutupa ilikuwa sifuri, na ilionekana kwa macho bila kalamu wala karatasi.

Wanaotupa wapo, na wana dalili. Mtu aliyelipa flopu kwa jozi ya kati, kisha ikafunguka ree (karata kubwa kuliko zote), na wewe ndiye uliyekuwa umepandisha dau kabla ya flopu: huyo ataamini unayo ree, kwa kuwa hadithi yako inashikana tangu mwanzo. Mtu mwenye fedha nyingi za kulinda hutupa. Aliyebakiza kidogo, na nusu ya fedha zake zimeshaingia kwenye poti, hatupi. Aliyetoka kupoteza na bado anahema, huyo hatupi hata umwonyeshe karata zako.

Kuna gharama nyingine inayosahauliwa: kupandishiwa dau. Unaweka 50, mwenzako anaweka rundo, nawe unalazimika kuzitupa kopa zako nne ambazo ungeziangalia bure. Hapo ndipo ninapowaudhi wengi, maana nasema mkono mbaya zaidi wakati mwingine ndio unaofaa kwa blafu. Una 8 na 9, mezani kuna 6 na 10, unangoja 7 tu ikamilishe mfululizo (karata tano zinazofuatana). Ikibaki karata moja, hiyo ni nafasi ya 9 hivi katika 100. Ukipandishiwa unatupa bila kujuta, hujapoteza kitu cha maana. Ukiwa unangoja flashi na mfululizo unaoweza kukamilika pande zote mbili kwa pamoja kwenye flopu, karata 15 za kukuokoa, una zaidi ya nusu. Sukuma zote, sina ugomvi nawe.

Wapinzani wakiwa watatu, kila mmoja akitupa nusu ya mara, wote kwa pamoja wanatupa mara moja katika nane. Jozi ikifunguka mezani, punguza mbwembwe, maana hapo hata flashi yako ikikamilika inaweza kushindwa.

Haya, nimpe haki yake. Anayepita kila anapongoja husomeka kama bango la barabarani. Siku akipiga dau, meza nzima inajua ameshapata. Lazima baadhi ya madau yako yawe ya karata ambazo hazijaiva. Baadhi.

Lakini lililonimaliza ni ushauri wake wa mwisho: kopa isipotokea kabisa, piga dau tena, kwa sababu huna njia nyingine ya kushinda. Jamani! Unayetaka atupe pale ni yule aliyengoja kopa kama wewe akakosa. Sasa kopa mbili umezikalia wewe, kwa hiyo uwezekano wa yeye kuwa nazo umeupunguza kwa mikono yako mwenyewe. Wanaobaki ni wenye jozi, na wenye jozi hulipa. Mwenye 8 na 9 za shupaza aliyeikosa 7 yake ana sababu nzuri zaidi ya kupiga dau hapo kuliko wewe mwenye ree ya kopa, ambaye hata ukipita, ree yako peke yake mara nyingine inaishinda flashi iliyokufa ya mwenzako.