Kikohozi cha Kuzinduka: Kizuiwe au Kiachwe?

Ukikaa nje ya mlango wa thieta, mara nyingi utamsikia mgonjwa kabla hujamwona: anakohoa mfululizo kama mtu aliyepaliwa. Ndugu hushtuka. Mtaalamu wa usingizi yeye hupumua, maana kikohozi kile kinamwambia koo limeamka.

Chanzo si fumbo. Anayelazwa kwa nusukaputi mara nyingi huwekewa mrija unaopita mdomoni, katikati ya nyuzi za sauti, hadi kwenye bomba la hewa. Puto dogo lililouzunguka mrija huziba nafasi ya pembeni ili mate na matapishi yasiteremke mapafuni. Dawa zikipungua nguvu, koo hukigundua kitu kigeni na kutaka kukitema.

Wanaotaka kikohozi kizimwe wana hoja nzito. Kukohoa kwa kishindo hupandisha presha ya damu, ya ndani ya fuvu na ya jicho. Aliyeshonwa henia, mishono yake hujaribiwa kidonda kikiwa kibichi. Aliyetolewa goita ndiye wa kuogopewa zaidi: mshipa ukiachia, damu hujikusanya shingoni na kubana njia ya hewa, na huenda mishono ikalazimika kufunguliwa palepale kitandani.

Sasa mgeukie mama aliyekimbizwa kwenye upasuaji wa dharura akiwa ametoka kula. Ukimchomoa mrija angali katika usingizi mzito, kweli hatakohoa, lakini matapishi yakipanda hana cha kuyazuia. Zoloto, yaani sehemu ya koo yenye nyuzi za sauti, nalo laweza kujikaza ghafla lisipitishe hewa. Huyu aachwe akohoe. Hata kwa asiye na chakula tumboni, njia hiyo ya kuchomoa mrija mgonjwa angali usingizini inadai mtu mzoefu abaki kando yake mpaka azinduke, na pale ambapo muuguzi mmoja anaangalia vitanda kadhaa, sioni kama ni busara.

Zipo dawa za katikati. Remifentanili, dawa kali ya kutuliza maumivu, hutuliza kikohozi vizuri, ila hupunguza pumzi na huhitaji pampu ya kuipimia. Mimi naegemea lignokeini, dawa ileile ya ganzi ya kushonea vidonda: miligramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito, mshipani, dakika chache kabla ya kuchomoa mrija. Ni rahisi na hupatikana. Lakini daktari wa upasuaji akiwa ameshachoma ganzi kwenye kidonda, vipimo hivyo vijumlishwe. Ikizidi huleta degedege na kuvuruga mapigo ya moyo.

Halafu kuna lile puto, ambalo katika mabishano haya halitajwi sana. Shinikizo lake linatakiwa liwe kati ya sentimita 20 na 30 za maji. Wengi hulijaza kwa bomba la sindano, wakalibonyeza kwa vidole na kusema linatosha. Likizidi, koo linaumia tangu mwanzo wa upasuaji, na kikohozi tunachohangaika nacho mwishoni tumekichokoza wenyewe.