Kalori za Farasi Zisiandikwe kwa Jina la Mpandaji

Mwishoni mwa Agosti nilipanda farasi kwa mara ya kwanza maishani, katika shamba moja lililo nje kidogo ya jiji la Dodoma, upande wa barabara iendayo Kondoa, na niliposhuka saa yangu ya mkononi ilinipongeza kwa kuchoma kalori 612 na kupiga hatua 5,300. Kalori ningeweza kuzikubali, kwa sababu mtu anaposifiwa ni nadra kubisha. Hatua ndizo zilizonitia shaka. Kwa muda wa saa nzima miguu yangu ilikuwa ndani ya vikuku, yaani vile vyuma vya kukanyagia vinavyoning'inia pembeni mwa tandiko, na haikugusa ardhi hata mara moja.

Juma lililofuata nilirudi na kufanya jaribio dogo ambalo naona aibu kidogo kulieleza. Niliifunga saa kwenye tandiko, farasi akazungushwa uwanjani kwa dakika 10 bila mtu mgongoni, nayo saa ikahesabu hatua 940. Tangu siku hiyo nimekuwa na msimamo kwamba takwimu nyingi tunazopewa kuhusu kalori za kupanda farasi zinamwandikia mpandaji jasho la mnyama, na kwamba mtu anayetaka makadirio ya kweli hana budi kuyafanya mwenyewe kwa kalamu na daftari.

Huku kwetu farasi ni wachache. Punda ndio waliojaa, wakibeba madumu ya maji na kuvuta mikokoteni kutoka vijijini hadi kwenye viunga vya jiji. Farasi wamesumbuliwa kwa muda mrefu katika sehemu kubwa ya Afrika na mbung'o, wanaoeneza nagana, pamoja na ugonjwa mwingine hatari wa farasi unaoenezwa na usubi. Kwa hiyo mkazi wa Dodoma anayeanza kupanda hana jirani mzoefu wa kumuuliza, na anachobaki nacho ni simu yake na saa yake.

Kalori ninayoizungumzia ni ile inayoandikwa kwenye pakiti za vyakula, ambayo kwa lugha ya maabara ni kilokalori. Makadirio yake huanzia kwenye kipimo kiitwacho MET. MET 1 ni nguvu anayotumia mtu aliyekaa kimya bila kufanya lolote, nayo huhesabiwa kuwa takriban kalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila saa. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 1993 orodha ndefu ya shughuli za binadamu, kila moja na idadi yake ya MET, na orodha hiyo imerekebishwa mara kadhaa tangu wakati huo. Katika toleo la mwaka 2011, kupanda farasi anayetembea kumepewa MET 3.8; farasi anayekwenda telki, ule mwendo wa haraka wa kudundadunda, MET 5.8, na farasi anayepiga shoti, MET 7.3. Kuruka viunzi kumepewa 9. Ukizidisha MET kwa uzito wako wa kilo, kisha kwa saa ulizotumia, unapata kalori.

Hapo ndipo udanganyifu wa kwanza unapojificha, ingawa hakuna aliyekusudia kudanganya. Orodha hiyo hiyo ina idadi ya jumla ya MET 5.5 kwa kupanda farasi bila kutaja mwendo, na programu nyingi za simu huichukua hiyo na kuizidisha kwa muda wote uliopita tangu ulipobonyeza kitufe cha kuanza. Lakini anayejifunza hutumia sehemu kubwa ya saa yake akitembezwa, au akiwa ameketi tu juu ya mnyama anayekataa kuondoka kwenye kivuli cha mwarobaini. Tofauti ya mwendo ina maana kubwa kwa sababu ya kazi inayofanywa na mwili. Farasi akitembea, kiuno cha mpandaji hufuata mwendo wa mgongo wa mnyama, na misuli ya tumbo na mgongo hufanya kazi ndogo tu ya kumweka wima. Farasi akienda telki, mpandaji hulazimika kuinuka na kukaa kila baada ya mdundo, akijisukuma kwa mapaja mara nyingi kwa dakika, na hapo pumzi hubadilika kweli.

Udanganyifu wa pili ni mkubwa zaidi. Idadi hizo za MET zina ndani yake ile MET 1 ambayo ungeitumia hata ungebaki nyumbani umelala kwenye kochi. Mtu ambaye programu yake imekwisha kumhesabia kalori za kuishi kwa siku nzima, kisha akajumlisha kalori zote za farasi juu yake, amehesabu pumzi zile zile mara mbili. Wahenga waliposema kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba hawakuwa na habari za programu za simu, lakini wangemtambua mtu huyu. Kwa maoni yangu, takwimu yoyote ya kalori za mazoezi inapaswa kutolewa baada ya kupunguza MET 1, na programu isiyofanya hivyo ingepaswa kusema wazi.

Sasa saa ya mkononi. Kwa kawaida hukisia kutokana na mapigo ya moyo, mtikisiko wa mkono, umri na uzito. Mtikisiko nimekwisha kuueleza. Mapigo ya moyo nayo yana ushahidi wa kupotosha, kwa sababu mtu mwenye hofu moyo wake hudunda hata kama misuli yake haitumii oksijeni ya ziada, na mtu anayekaza mapaja kwa nguvu bila kuyasogeza hupandisha mapigo kuliko kazi anayoifanya. Mimi nilikuwa na yote mawili. Saisi, yaani mtunza farasi, aliniambia mara tatu: "Mheshimiwa, usimbane hivyo, mwache apumue." Saa ilisoma hofu hiyo kama mazoezi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu saa 7 kwa watu 60 na kuona kwamba 6 kati yake zilipima mapigo ya moyo kwa kosa lisilozidi asilimia 5, lakini kwenye kalori iliyokuwa bora kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na mbaya kuliko zote kwa asilimia 93. Watu hao walikuwa wakitembea, wakikimbia na kuendesha baiskeli, shughuli ambazo saa inazifahamu vizuri. Juu ya farasi sitarajii nafuu.

Basi nilikaa mezani na kuandika hesabu yangu. Nina kilo 82. Kati ya dakika 60, farasi alitembea dakika 38, alikwenda telki dakika 12 akizungushwa kwa kamba ndefu, alisimama dakika 8, na dakika 2 za mwisho alipiga shoti kuelekea bandani bila idhini yangu, kwa kuwa alikuwa amesikia mlio wa ndoo ya pumba. Baada ya kupunguza MET 1 kila mahali, kutembea kulinipa kalori 145, telki 79, ile shoti ya ghafla 17, na kusimama 3 hivi. Jumla ni takriban 245, ambayo ni pungufu ya nusu ya kile saa ilichonipongeza nacho. Tazama jinsi dakika 12 za telki zilivyochangia karibu theluthi ya jumla: anayetaka idadi ikue aongeze dakika hizo, si kukaa muda mrefu zaidi kwenye tandiko.

Hata hiyo 245 siiamini mpaka tarakimu ya mwisho. Ile kalori 1 kwa kilo kwa saa imejengwa juu ya dhana kwamba mtu aliyepumzika hutumia mililita 3.5 za oksijeni kwa kila kilo kwa dakika, ilhali utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliopima zaidi ya watu 700, ulipata wastani wa karibu mililita 2.6. Kwa watu wanene kiasi kama mimi kosa huelekea upande wa kujipendelea. Ndiyo maana kwenye daftari nimeandika "200 hadi 250" na kuacha hapo.

Wapo watakaosema kwamba nayadharau mazoezi haya, na kwamba maumivu niliyoyapata kwenye mapaja kwa siku 3 ni ushahidi tosha wa kalori. Nayaheshimu maumivu hayo. Siku ya pili nilishuka ngazi za ofisini kinyumenyume. Lakini misuli huuma kwa sababu imefanya kazi isiyoizoea, na unaweza kuumia sana kwa kazi ndogo. Faida niliyoiona mimi ni ya mizani ya mwili na mgongo ulionyooka, vitu ambavyo havina kipimo cha kalori na havikihitaji.

Ubaya wa idadi kubwa ya uongo huonekana mezani. Siku ile ya kwanza, nikiwa na 612 zangu kichwani, nilisimama kando ya barabara na kununua kilo moja ya zabibu, kwa kuwa ulikuwa msimu wake, na kabla ya kufika nyumbani nilikuwa nimekula nusu nikidhani bado nina akiba. Zabibu mbichi zina kalori 69 hivi kwa kila gramu 100. Nusu kilo ni 345. Safari nzima ya farasi niliirudisha mwilini pale pale kwenye usukani, pamoja na nyongeza ya 100.

Hesabu iliyonishangaza zaidi, hata hivyo, haikuwa yangu. Saisi ana kilo 60. Kabla na baada ya mimi kupanda alitumia dakika 50 kumpiga farasi brashi, kusafisha kwato, kumfunga na kumfungua tandiko, kazi ambayo orodha ile imeipa MET 4.5, kisha kwa dakika 25 alitembea kwa miguu akiwa ameshika kamba huku mimi nimeketi juu. Kwa kanuni ile ile, baada ya kupunguza MET 1, alitumia karibu kalori 240, takriban sawa na mimi, naye ana kilo 22 pungufu na hana saa ya kumpongeza. Nilimwonyesha daftari niliporudi. Aliisoma hesabu mstari kwa mstari, akairudia ya kwato, kisha akauliza kwa adabu kama hizo 240 zinaweza kuongezwa kwenye posho yake ya mwezi.