Kukimbia Ufukweni Pekee Si Maandalizi

Ligi zikiisha, wanasoka wetu wa Dar hugawanyika makundi mawili. Kuna wanaolala mpaka kocha awapigie simu, na kuna wanaopiga tizi Coco Beach alfajiri: mstari mmoja, nyimbo, jasho, kocha na filimbi yake nyuma. Hao wa pili wanajituma, sibishi. Ila tunawasifu mno kwa kukimbia tu.

Mimi ni mfuatiliaji wa hoki ya barafuni. (Ndiyo, kwa joto hili hili. Mechi zenyewe ni usiku wa manane kwa saa zetu, na nyumbani wameshanizoea.) Katika NHL, ligi kubwa ya Amerika Kaskazini, kila timu hucheza mechi zaidi ya 80 mpaka Aprili, na wanaofika fainali huendelea mpaka Juni. Septemba wanarudi kambini. Mapumziko ni mafupi, na sehemu kubwa ya kazi hufanyika nje ya barafu: vyuma, kuruka, mbio fupi za kasi. Mchezaji wa hoki huingia uwanjani, hujitoa mzima mzima kwa sekunde kama 45, kisha hurudi benchi kuvuta pumzi. Mazoezi yake yanafuata hilo. Soka linahitaji pumzi ndefu zaidi, sawa, lakini straika anayemwacha beki kwenye mita 15 hakuipata kasi hiyo kwa kukimbia taratibu.

Somo kubwa kwangu ni nyonga. Anayeteleza kwenye barafu husukuma mguu pembeni kila hatua, hivyo misuli ya paja la ndani inateseka. Watafiti waliofuatilia timu moja ya NHL waligundua kwamba mchezaji ambaye nguvu ya paja lake la ndani iko chini ya asilimia 80 ya nguvu ya misuli ya nje ya nyonga alikuwa na hatari mara 17 zaidi ya kuumia hapo. Wenye upungufu wakaimarishwa kabla ya msimu, na majeraha yakashuka kutoka 3.2 hadi 0.71 kwa kila mechi 1,000 za mchezaji mmoja mmoja.

Sasa nenda uwanja wowote wa mchanga Temeke au Sinza uulize nani ana maumivu ya nyonga. Utahesabu mikono. Dawa yake haihitaji jimu. Lala ubavu, jiinue kwa kiwiko, mwenzako akushikie mguu wa juu kwenye goti na kifundo, kisha pandisha mguu wa chini mpaka ukutane na wa juu, shusha polepole. Wanasoka wa Norway waliofanya hivyo walipunguza matatizo ya nyonga kwa asilimia 41. Siku ya kwanza mazoezi haya yanauma, kwa hiyo anza na machache.

Kuna jambo watu hawapendi kulisikia: ndondo, yaani mechi za mtaani. Ligi imeisha Jumapili, Jumatano kijana yuko kwenye bonanza, na nyonga ile ile inavuta. Najua elfu ishirini ya mechi moja inalipa umeme na unga, siwezi kumwambia aache. Ninachoomba ni wiki mbili tu za kupumzika kabisa kabla ya kuanza tena. Mwenye timu ya ndondo akinuna, atafute winga mwingine.