Nipeni Deni Lenye Mwisho

Ukikaa kijiweni Kirumba au Mabatini, kwetu Mwanza, ukataja kwamba unaishi Uingereza, haichukui muda kabla mtu hajakwambia: "Ninyi huko mnaishi kwa mikopo. Nyumba mkopo, gari mkopo, mpaka simu mkopo. Sisi huku maskini lakini tuko huru." Hata Watanzania wenzangu wa hapa Leicester wanaipenda hoja hiyo, hasa sahani ya pili ya pilau ikishateremka. Mimi siikubali. Na kwa kuwa mwaka huu nimemaliza deni la mwisho kati ya yale niliyoyabeba tangu ujana, naona nimepata haki ya kubisha.

Yalikuwa matatu. La Bodi ya Mikopo, lililonisomesha chuo kikuu pale Malimbe. La ukoo, lililonipandisha ndege. Na la kadi ya benki ya hapa, la nyakati zile za kuanza kazi, unapodaiwa kodi ya chumba pamoja na amana yake, nauli ya mwezi mzima na koti la baridi, na mshahara wa kwanza bado haujaingia. Hakuna la starehe hapo. Kijana asiyerithi kitu ndivyo anavyoanza maisha, awe Nyegezi au Nottingham.

Nianze na la Bodi maana wasomaji wengi wa umri wangu wanalijua. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, makato kwenye mshahara wa mnufaika aliyeajiriwa yalipanda kutoka asilimia 8 hadi 15. Watu walilalamika sana, lakini kilichotuumiza zaidi ni ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kutunza thamani ya mkopo. Unalipa, unalipa, ukiangalia salio limekaa palepale, na kuna waliolikuta limeongezeka. Tozo hiyo ilitangazwa kufutwa kwetu Mwanza, Uwanja wa CCM Kirumba, kwenye sherehe za Mei Mosi mwaka 2021, Rais Samia akihutubia wafanyakazi. Mimi nilikuwa zamu ya usiku, nikaja kuisikiliza hotuba asubuhi kwenye simu ndani ya basi, na nilipiga kigelegele mpaka dereva akanitazama kwenye kioo. Deni lenyewe siku ile halikupungua hata shilingi. Kilichobadilika ni kwamba kwa mara ya kwanza niliweza kuchukua karatasi, nikagawanya, nikapata mwezi na mwaka wa kumaliza. Nikaanza kulipa kwa moyo. Kabla ya hapo nilikuwa nalipa kama mtu anayechota maji ziwani kwa pakacha.

Ninachobishania ni hicho. Tukiacha kuhesabu nani ana mikopo mingi tukauliza ya nani inaisha, mambo yanageuka.

Huku Uingereza madeni yao hayana huruma, tusidanganyane. Riba ya kadi ya kawaida inapita asilimia 20 kwa mwaka. Ukilipa kile kima cha chini wanachokuomba kila mwezi, sehemu kubwa inaliwa na riba na deni linatambaa kwa miaka. Hakuna wa kukuuliza mama anaendeleaje. Lakini kila kitu kina tarehe. Doa la kushindwa kulipa linakaa kwenye kumbukumbu zako za mikopo miaka 6, kisha linafutwa, hata kama mliyegombana naye bado ana kinyongo. Anayefilisika kisheria kwa kawaida anaachiliwa baada ya miezi 12. Tangu Mei 2021, mtu aliyezidiwa akipitia kwa mshauri wa madeni anaweza kupewa siku 60 ambazo wadai wengi hawaruhusiwi kumgusa wala kumwongezea riba, na ushauri wenyewe ni bure. Hata mkopo wa chuo wa vijana wao, kama hukuumaliza, unafutwa baada ya miaka kadhaa: kwa walioanza masomo England kuanzia mwaka 2012 ni 30, kwa wa kuanzia 2023 wameusogeza hadi 40. Mingi, ndiyo, lakini inahesabika.

Sasa twende Mwaloni, soko la samaki la Mwanza. Anayesema watu wa Mwanza hawana madeni hajawahi kushinda pale Kirumba. Mama wa dagaa anakopa mtaji wa magunia, anaanza kurejesha wiki inayofuata. Dagaa wanavuliwa kwa taa, siku za giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti, mitumbwi mingi inapumzika, na bei ya wachache waliopatikana inapanda. Hili kila mtoto wa kando ya ziwa analijua. Afisa mikopo naye analijua, maana kazaliwa hapohapo. Lakini daftari lake limepangwa kwa Jumatatu, na Jumatatu ya mbalamwezi ni Jumatatu tu. Kwa hiyo mama anakwenda kwa mkopeshaji wa pili ili amlipe wa kwanza, na wa pili ndiye yule wa kausha damu: unachukua laki tano, mwezi ukiisha unatakiwa laki sita na nusu, ukichelewa wanaanza kuhesabu upya. Wakija, wanabeba godoro, mtungi wa gesi, televisheni, hata masufuria. Mtaa wetu kule Igoma watoto wanautambua mlio wa pikipiki ya mdai kabla haijakata kona, na mkubwa wao anakwenda mlangoni kusema mama kasafiri.

Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni, na mwaka 2024 ikatangaza orodha ya programu za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ni hatua nzuri. Ila yule wa pikipiki hayumo kwenye orodha yoyote. Hana ofisi, na karatasi yake ni moja anayoishika yeye.

Mvuvi je? Tajiri anampa nyavu, injini na mafuta. Masharti ni kwamba sato na sangara wote wauzwe kwake, kwa bei yake, mpaka deni liishe. Nyavu inachanika, anapewa nyingine, linaandikwa. Mtoto anaugua kisiwani, anapewa nauli ya kuvuka, linaandikwa. Nina binamu Ukerewe amevua kwa mtindo huo tangu tukiwa vijana, na ukimuuliza anadaiwa kiasi gani anacheka: "Ngosha, hiyo kamuulize tajiri." Huyu ndiye mnayeniambia yuko huru?

Najua jibu linalokuja, na ni la haki. Baba alipolazwa Bugando, tuliishi kwa daftari la mwenye duka. Unga, sukari, sabuni, mafuta ya taa, hakuwahi kutaka dhamana wala barua ya serikali ya mtaa. Alimtazama mama usoni tu. Leicester hakuna duka litakalonipa hata mkate kwa kunitazama usoni, na kama ningeugua mwaka wangu wa kwanza sijui ningekula nini. Hilo nalikubali bila kinyongo. Lakini nikiwa mtu mzima nikamuuliza mama kwa nini tuliendelea kununua sukari kwake miaka yote ile, ilhali genge la pili bei ilikuwa nafuu. Akanishangaa. Angepitaje mlangoni pa mtu yule ameshika mfuko wa duka jingine? Pesa yake ilikwisha kulipwa kitambo, hadi thumni.

La ukoo ni hivyohivyo, tena gumu kuliko la kadi. Mjomba wa Magu aliuza ng'ombe nipate nauli na viza. Nilirudisha fedha yote na nyongeza juu yake, nikampelekea na bati za nyumba. Simlaumu kwa lolote, alinitoa. Ila hakuna msiba wala harusi ambayo mjomba hasimami akasema, "Huyu mnayemwona, ng'ombe wangu ndio waliompeleka Ulaya." Binti yake akitaka ada, ni mimi. Shemeji yake akitaka kuchimba kisima, ni mimi. Nikisema mwezi huu nimebanwa, ng'ombe wanarudi zizini mmoja mmoja na majina yao. Kampuni ya kadi siku niliyomaliza ilinitumia barua ya mistari minne: salio sifuri, akaunti imefungwa. Bodi nayo nikaomba hati ya kumaliza mkopo, nimeihifadhi pamoja na vyeti vya shule. Kwa mjomba hakuna hati, na ukiiomba umemtukana.

Ndugu zangu wa huku wanaosema nyumbani ni undugu tu huwa wanasahau kwamba wao ndio wanaolipa undugu huo, na wanaulipa kwa kadi. Nimeona mtu anachukua mkopo wa riba hapa ili atume mchango wa harusi Buhongwa, kisha anakuja kwenye sherehe yetu kuhutubia juu ya utumwa wa mabenki ya Wazungu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, ila hawakutuambia matanga yanaweza kuliwa nchi nyingine.

Kwa hiyo nikipewa kuchagua, nachagua deni lenye mwisho kuliko deni lenye huruma. Najua linasikika vibaya kwa Kiswahili. Lakini huruma ya kwetu nimeiona inavyokata. Inamfaa mwenye jina, mwenye ukoo, mwenye mama anayefahamika mtaani. Dada aliyehamia juzi kutoka Kasulu, amepanga chumba Nyakato, anauza ndizi mbichi, hana anayemjua. Yeye huruma haimfikii, anafikiwa na pikipiki. Huyo ndiye angefaidika na mkataba wa nakala mbili, moja abaki nayo, wenye tarehe ya mwisho na kiasi kisichozidi. SACCOS na vikundi vya akina mama vinavyoandika kila kitu kwenye daftari la pamoja na kufunga hesabu mbele ya wote vinafanya hivyo tayari. Akina mama hao, mwaka ukiisha, wanavunja kikundi, wanagawana, anayedaiwa anajulikana na asiyedaiwa anajulikana. Hakuna cha Uingereza hapo.

Wiki iliyopita mdogo wangu amenipigia anataka nimdhamini apate injini ya mtumbwi kutoka kwa tajiri wa Kome. Nimekataa udhamini. Nimemwambia nitampa nusu ya bei, zawadi, na nitaandika kwenye ujumbe kwamba ni zawadi ili asije akanipigia saluti msibani. Nusu ya pili akakope kwenye chama chenye leseni, marejesho yafuate mwezi wa dagaa, si wa kalenda, na anitumie picha ya mkataba kabla hajatia saini. Amewaambia nyumbani kwamba masharti yangu ni magumu kuliko ya benki. Picha ya mkataba ameituma jana, na ukurasa wa pili haupo, kwa hiyo nimemrudisha akaupige.