Kabla ya Kununua Koili, Ihamishe

Gari likianza kumisi Nairobi, yaani injini ikiruka mapigo, kila mtu ana jawabu. Bawabu atakwambia ni petroli chafu. Shemeji atakwambia ni plagi. Muuza spea kule Grogan hata hajaliona gari, lakini koili nne, vile vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche, tayari ziko juu ya kaunta. Majawabu hayo nimeyalipia yote kwa zamu, ndiyo maana leo nasema bila haya: kutafuta kosa ni kazi ya mwenye gari. Kufungua na kufunga, ukitaka, mpe fundi.

Langu lilianza kwenye ule mlima wa kutoka Museum Hill kwenda Westlands. Nikikanyaga mafuta linatetemeka, taa ya injini inamemeta, na matatu nyuma yangu inapiga honi kama nimeiiba barabara. Fundi alisikiliza injini dakika moja hivi, kisha akamgeukia jirani aliyenisindikiza, si mimi, ingawa ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. "Mkubwa, hapa koili zimekwisha. Tubadilishe zote." Nikabisha. Tukakubaliana moja, ya ex-Japan, yaani iliyotumika, shilingi 2,500. Gari likatulia. Baada ya miezi mitatu likaanza tena, mlima uleule.

Safari hii sikumpigia fundi. Nilishanunua kile kidude kinachochomekwa chini ya usukani, kikasoma kompyuta ya gari na kuonyesha majibu kwenye simu. (Magari ya zamani yaliyotengenezewa soko la Japani mara nyingine hugoma kuzungumza nacho, kwa hivyo kijaribu kwenye gari lako kabla ya kutoa hela.) Kikanipa namba ya kosa: P0303. Tarakimu ya mwisho ndiyo silinda: ya tatu. Kingeandika P0300, maana yake ingekuwa kosa linarukaruka, halikai mahali pamoja.

Na hapo kesi ya petroli chafu ikafa yenyewe. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kukomesha kuyachanganya na mafuta ya magari, na hadi leo injini ikikohoa tu tunalaumu kituo cha mafuta. Lakini silinda zote nne zinakunywa tangi moja. Petroli mbaya haiwezi kuchagua ya tatu ikazisamehe zile nyingine.

Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, nikafungua boneti. Huo ubaridi si mapambo: kichwa cha injini nyingi za siku hizi ni alumini, na ukifungua plagi kikiwa na moto unaweza kung'oa hesi zake, ukajiletea gharama ambayo koili kumi hazifikii. Nilihitaji spana namba kumi tu. Unabonyeza kishikio cha soketi ya waya taratibu, maana plastiki ya miaka mingi hukatika kama njiti, unafungua bolti moja, unavuta koili juu. Nikaitoa ya tatu nikaiweka kwenye ya kwanza, ya kwanza nikaipeleka kwenye ya tatu. Nikafuta ile namba ya kosa kwa kidude, nikazunguka mtaa mara mbili. Kidude kikasoma P0301. Kosa lilikuwa limehama pamoja na koili.

Jaribio hilo halikunigharimu hata shilingi. Kama kosa lingebaki kwenye silinda ya tatu, ningehamisha plagi vivyo hivyo. Likikataa kuhama hapo pia, basi ni nozeli inayonyunyiza petroli, au kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, au mpira unaovuta hewa karibu na silinda hiyo, na hapo mimi hunyoosha mikono nikamtafuta mtu mwenye geji ya kupimia.

Ila kilichonishtua si ile namba. Koili ilitoka ikiwa imelowa. Mguu wake wa raba uliteleza vidoleni, umevimba, na ubavuni una mstari mwembamba mweusi kama umechorwa kwa penseli. Cheche ilikuwa imepata njia ya mkato: badala ya kushuka hadi kwenye plagi, ilitoboa raba iliyolainishwa na oili, ikarukia chuma cha pembeni. Nikamulika tochi ya simu ndani ya shimo nikaona oili imetuama chini. Yaani mara ya kwanza tulichukua koili nzima tukaitumbukiza kwenye dimbwi lilelile lililoua ile ya zamani.

Sisemi fundi ni mwizi. Nadhani ile oili aliiona. Lakini mimi nilikuwa nimemsimamia kichwani nikitazama saa, naye hulipwa kwa kazi iliyokwisha, si kwa kufikiri. Sisi wenye magari ndio tuliowazoesha kubahatisha.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wetu wengi hufanya na sitaki kuliona kwenye gari langu: kuchomoa koili moja moja injini ikinguruma ili kusikia ipi "haifanyi kazi". Umeme ule ni wa maelfu ya volti. Halafu petroli isiyoungua hutupwa kwenye ekzosi ikaichoma kataliti, ile inayosafisha moshi, kama bado unayo. Hiyo ndiyo sababu taa ya injini ikimemeta, badala ya kuwaka tu, mimi huegesha.

Nilimpigia yule yule fundi Jumapili. Nikamwambia silinda ya tatu, oili kwenye shimo la plagi, aje na gasketi ya kifuniko cha juu pamoja na raba za mashimo, zile zinazozuia oili isiingie kwenye plagi, na koili moja. Akanyamaza kidogo. "Madam, nani alikuangalizia?" Alikuja akafanya kazi hapo hapo kwenye maegesho, akakausha shimo kwa kitambaa kabla ya kugusa plagi, na safari hii maswali yote aliniuliza mimi. Raba ya zamani ya shimo alinipa mkononi. Nilipoikunja, ilivunjika kama biskuti.