Mwalimu wa Kiingereza akishalipwa

Mimi sina shida na mtu kula pesa yake, hata kidogo, shida yangu ni kuamshwa Jumapili asubuhi na jirani ananielezea kwa Kiingereza vile ameikula. Hii ploti yetu ya Nyalenda, hapa Kisumu, tuko na mwalimu wa sekondari, ukuta wetu ni mabati moja, na mshahara ukiingia ni lazima wote tujue.

Sasa angalia. Mimi nikinunua nyama nusu kilo katikati ya wiki, mama watoto anasema natapanya, mama mboga anauliza kama nimeuza shamba, mwenye ploti anakumbuka rent. Lakini mwalimu anaenda ngoma ya ohangla Kondele, muziki unasimamishwa ndio apige pakruok kwa maiki, ajisifu, amsifu babake, asifu ng'ombe za babake zenye zilikufa kitambo, na kila sifa anailipia keshi, halafu kesho yake ati hiyo ilikuwa "splurge" kidogo, yaani amejibamba na pesa kidogo tu. Kidogo! Hiyo ni nyadhi bana, yaani maringo, na mtu wa nyadhi hatumi mtoto kuomba unga kwangu kabla mwezi ufike nusu.

Juzi kaja na viatu vya ngozi, anasema vimemgharimu "an arm and a leg", mkono na mguu. Nikamwambia mwalimu, kama mguu ulienda na bei, kiatu cha pili ulinunua cha nini? Hakucheka. Akasema mimi sijui nahau. Najua sana, wakisema pesa inaunguza mfuko mpaka inatoboa nawaelewa kabisa, hata sisi tunasema pesa inamwasha.

Siku ingine kajiita "drunken sailor", baharia mlevi, ati ndivyo Kiingereza huita mtu wa kumwaga pesa ovyo, na anajivunia. Nikaitafuta hiyo stori kwa simu. Kumbe baharia wa zamani wa Uingereza alikuwa analipwa safari ikiisha, miezi na miezi yuko melini haoni duka, akishuka bandarini anapewa mshahara wote pamoja, sasa mtu kama huyo utamlaumu aje, hata mimi ningemnunulia moja baridi. Mwalimu analipwa kila mwezi na safari yake ndefu ni Ahero, hapo tu karibu!

Lakini yenye iliniuma kabisa ni "push the boat out". Waingereza wakisema wamesukuma boti majini, maana yake wamefanya sherehe, wamemwaga pesa bila kuhesabu. Omera, mimi binamu yangu ni mvuvi Dunga, hapo ufuoni mwa Ziwa Victoria. Yeye husukuma boti usiku, tena usiku wenye hakuna mwezi maanake omena, zile dagaa, hufuata taa na giza ndio inazileta, anasukuma maji yakiwa kiunoni, petroli ya injini ni ya deni, kuna wakati magugu maji yamefunga njia yote na ni kuchokora na kasia mpaka mkono unakufa, na asubuhi akirudi na karai moja anapata wamama wa kununua wameshapanga bei bila yeye. Nilimuuliza kama huko ziwani huwa kuna sherehe. Kenye alijibu siwezi andika, kuna watoto wanasoma.

Nikamwelezea mwalimu hayo yote, anasema nachukulia maneno vile yalivyo. Sawa.

Juzi mwenye ploti kaja, mzee wa watu, kofia kwapani, anagonga mlango mmoja mmoja. Kwangu alipata. Kwa mwalimu nikasikia kupitia mabati akiambiwa kwa sauti ya upole kabisa, mzee vumilia, mwezi huu "we pushed the boat out". Sasa huyo mzee Kiingereza si kingi, katika hiyo yote alishika boti peke yake. Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza hiyo boti iko beach gani, Dunga ama Usoma, na kama ina injini, kwa sababu kuna mtu anajua anatafuta ya kununua, wanaweza enda kuiona saa hii.