Hedifoni ya waya bado inalipa

Ukiwa na waya masikioni ndani ya mwendokasi siku hizi, unaonekana umeachwa na wakati. Waache waone hivyo. Kwa mtu wa muziki njiani, taarifa ya habari asubuhi na simu mbili tatu mchana, mimi nasema hedifoni ya waya ya elfu kumi au kumi na tano inalipa kuliko ya Bluetooth ya bei hiyohiyo.

Angalia hela yako inakoenda. Kwenye isiyo na waya unalipia betri tatu (kila sikio na yake, kikasha na yake), chipu ya mawasiliano na mfumo wa chaji, ndipo spika zipate kilichosalia. Ya waya ina spika mbili, maiki, waya na pini, basi. Betri zenyewe nazo huchoka, na zile ndogo si mafundi wengi watakaokubali kuzigusa.

Halafu kuna redio. Simu nyingi zenye FM huutumia waya wa hedifoni kama antena, na usipouchomeka redio haikamati kitu. Siku ya Simba na Yanga, bando limekata, hapo ndipo utamjua mwenye waya.

Lakini sizitetei zote. Za buku mbili zinazoning'inizwa vituoni nyingi ni kelele tupu. Ukiomba kujaribu, muuzaji atakuwekea amapiano, besi itavuma na wewe utatoa hela. Besi huficha mengi. Weka wimbo wako unaoujua. Mimi huweka taarabu ya zamani, ile yenye udi na fidla. Vyombo vikigandana kiasi kwamba huwezi kuufuata udi peke yake, zirudishe mezani. Ila kabla ya kuzirudisha, badilisha kwanza vile vimpira vya kuingia sikioni. Kikiwa kidogo kuliko tundu la sikio, besi yote inavuja nje na sauti inabaki kama ya bati. Kuna watu sikio la kulia linataka kikubwa na la kushoto cha kati. Kimpira kikikaa sawasawa, hata kelele za konda hupungua, na huhitaji kupandisha sauti mpaka mwisho. Masikio hayana spea.

Hedifoni za waya zinapofia karibu siku zote ni pale waya unapoingia kwenye pini, maana ndipo unapokunjwa mfukoni. Chagua yenye shingo ndefu ya mpira, au pini iliyopinda kona, na usiuzungushe waya kwenye simu ukaukaza. Fundi anaweza kuweka pini mpya, ila nyaya za ndani ni nyembamba kama nywele na zimepakwa vanishi inayopaswa kuunguzwa kwanza, la sivyo risasi ya kulehemu haishiki. Kwa hedifoni ya elfu tano, ufundi huo haulipi.

Kama simu yako haina tundu la hedifoni (Apple waliliondoa kwenye iPhone 7 mwaka 2016, na wengi wakafuata), utahitaji adapta. Hapo kuwa macho: nyingine zina chipu ya kugeuza sauti ndani yake, nyingine ni waya mtupu unaokubali baadhi ya simu tu. Kwa macho zinafanana kabisa. Ichomeke kwenye simu yako mwenyewe, palepale dukani, upige wimbo, ndipo ulipe.